Speak & Spell, Furby, SK-1 au simu ya mtumba: ufungue kipi kwa ajili ya muziki?

Juzi nilinunua simu ya mdoli kwenye mtumba wa Karume, Ilala. Ya plastiki nyekundu, kitufe cha 4 kimezama, na ukiibonyeza inahesabu kwa Kiingereza kwa sauti ya mama mwenye furaha. Nyumbani nikatoa skrubu nne, nikabonyeza 3, na kabla neno halijaisha nikagusa kwa kidole kilicholowa ncha mbili za rezista, kile kipande kidogo kinachozuia umeme, iliyo jirani na lile doa jeusi la gundi katikati ya bodi. Sauti ikapanda, ikawa ya mtoto, ikawa ya ndege. Nikiinua kidole, mama anarudi. Nilianza saa moja jioni. Nilipoangalia saa tena ilikuwa saa nne usiku.

Kazi hii wengi huijua kwa jina la Kiingereza, circuit bending. Mimi nasema kupinda saketi. Mmarekani Reed Ghazala wa Cincinnati, Ohio, aliingia humo katikati ya miaka ya 1960 pale kikuza sauti chake kidogo, kikiwa wazi bila mfuniko, kilipogusana na chuma ndani ya droo ya meza na kuanza kulia peke yake kama sinthesaiza. Jina la fani alilitoa mwaka 1992. Tangu hapo wanamuziki wamefungua kila aina ya midoli inayosema, wakaiunganisha waya pasipotakiwa, na kusikiliza kinachotoka.

Anayetaka kuanza hukwama kwenye swali moja: nianze na kipi? Hapa nalinganisha vinne ambavyo vimepita mezani kwangu: Speak & Spell ya Texas Instruments (mashine ya kufundisha watoto tahajia ya Kiingereza kwa sauti), Furby wa mwaka 1998 (mdoli wa manyoya anayeongea), kinanda cha Casio SK-1, na mdoli usio na jina kama ile simu ya Karume. SK-1 si mdoli unaosema wenyewe, lakini husema ulichokiambia, na anayechagua kati ya hivi vingine atakutana nacho tu, kwa hiyo nimekiweka.

Ninavyopima

Kigezo cha kwanza, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, ni namna chombo kinavyotengeneza sauti. Huwezi kupata kwenye saketi kisichokuwamo: kinachocheza rekodi kitakupa rekodi iliyoharibika, na kinachounda usemi kitakupa usemi mpya. Baada ya hapo naangalia ugumu wa kukifungua na kulehemu, urahisi wa kukiua, bei pamoja na upatikanaji, na mwisho kinavyojibeba kwenye rekodi au jukwaani.

Na kabla ya vyote: betri tu. Usiweke kidole wala waya kwenye bodi ya kitu kilichochomekwa ukutani, hata kama kuna adapta katikati. Lehemu nyingi zina risasi, kwa hiyo fungua dirisha, na nawa mikono kabla ya kula.

Sauti inatoka wapi

Speak & Spell ilitoka mwaka 1978, na ndani yake hamna mkanda wala rekodi ya kawaida. Kuna namba. Wahandisi wanne, Paul Breedlove, Gene Frantz, Richard Wiggins na Larry Brantingham, walichukua maneno yaliyosemwa na mtu wakayasaga mpaka yakabaki maelekezo. Mara 40 kila sekunde chipu husoma fungu moja la namba: nguvu ya sauti ni kiasi gani, koo linatetemeka kwa kasi gani, na namba nyingine 10 zinazoeleza koo na mdomo vimekaa umbo gani. Chipu yenyewe ina vyanzo viwili tu vya mlio. Kimoja ni mtetemo, kwa ajili ya irabu na wenzake. Cha pili ni mchakacho kama wa pumzi, kwa ajili ya s na f. Vingine vyote hufanywa na zile namba 10, kama bomba linalobadilishwa umbo mara 40 kwa sekunde.

Sasa weka waya kwenye nyuzi za shaba zinazoleta namba hizo kutoka kwenye chipu za kumbukumbu. Namba ya nguvu inaketi kwenye kiti cha namba ya koo, mdomo wa herufi moja unavaa mtetemo wa herufi nyingine. Kinachotoka bado ni usemi: kina pumzi, kina irabu, kina mkazo, ila si lugha ya mtu yeyote. Pia kuna alama maalumu inayoiambia chipu kwamba neno limeisha, inyamaze. Waya wako ukiificha alama hiyo, mashine haijui pa kuishia. Inaendelea kusoma kumbukumbu kama msomaji aliyepotewa na nukta. Niliwahi kupata kipande kilichojirudia chenyewe: silabi kama "nye", mkoromo mfupi, kimya cha kutosha kuvuta pumzi, halafu "nye" tena. Nilikiacha kikaenda dakika 20 na kukipigia ngoma juu yake. Hakuna chombo kingine kati ya hivi vinne kinachoweza kutoa kitu hicho, na ndiyo sababu watu wanaipenda Speak & Spell mpaka leo.

Furby wa Tiger Electronics, kazi ya Dave Hampton na Caleb Chung, ni mjukuu wa ukoo huohuo, kwa sababu chipu yake ya kusema nayo ni ya Texas Instruments. Ila namba zake ziko ndani kwa ndani, hazikupi nyuzi nyingi za kuchezea. Utakachopata kwa uhakika ni kupandisha na kushusha sauti, kumkatiza, na kumrudisha mwanzo. Hiyo si kidogo. Kifurbishi chake, kile kilugha chake mwenyewe, kikishushwa huwa mngurumo mzito unaotisha kidogo. Tena Furby ana ala ya pili ambayo wengi huisahau: mota. Mota moja tu ndiyo inayofumba macho, kuinua masikio na kufungua mdomo, kupitia magurudumu yaliyochongwa. Bandika maikrofoni ya kugusa kwenye fremu yake na utasikia kereng'ende wa plastiki mwenye mdundo wake.

SK-1, ya katikati ya miaka ya 1980, inarekodi. Ina maikrofoni, inachukua takriban sekunde 1.4 za sauti kwa biti 8, sampuli 9,380 kwa sekunde, kisha inazitandaza kwenye vibonye 32 na unaweza kupiga noti nne kwa pamoja. Ukaukaji wa sauti yake hauigiki kirahisi. Ukiipinda, namba za rekodi yako huchanganyikana, na sauti ya konda wa daladala inageuka kengele, ikageuka changarawe. Na hapa pana jambo linalonigusa mimi kama Mswahili. Speak & Spell ilitolewa pia kwa Kifaransa, Kijerumani na Kiitalia; yenye Kiswahili sijakutana nayo. Kinanda hiki kidogo hakijali lugha. Mwambie "shikamoo" naye atakurudishia "shikamoo" kwa noti nne.

Mdoli wa mtumba hucheza sauti iliyobanwa ndani ya chipu iliyofunikwa kwa gundi nyeusi. Huwezi kuingia humo. Unachoweza ni kubadili kasi ya saa yake (yale mapigo ya umeme yanayoiendesha chipu), kumnyima umeme kidogo kwa kuweka volumu, ile ya kuzungusha iliyomo kwenye redio, kwenye njia ya betri mpaka maneno yaanze kulewa, na kuvikatiza vitufe. Utajiri wake ni mdogo, lakini kasi peke yake ni ala. Anayesikiliza singeli ya Dar, yenye mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ameshazoea sauti ya binadamu iliyokimbizwa, na ataona mara moja pa kuiweka.

Kufungua na kulehemu

Mdoli wa mtumba ndio rahisi. Skrubu chache, bodi moja, nafasi ya kutosha. Utafute rezista iliyo jirani na doa la gundi, uijaribu kwa kidole kilicholowa kama nilivyofanya. Sauti ikibadilika, umepata. Ing'oe, weka mahali pake volumu, lakini acha rezista ndogo ya kudumu mfululizo nayo. Bila hiyo, siku utakapozungusha mpaka mwisho saa ya chipu itakimbia kupita uwezo wake na mdoli utaganda. Ukitaka, badala ya volumu weka rezista inayohisi mwanga. Kivuli cha mkono wako ndicho kitakachopandisha na kushusha sauti, na watoto wa jirani hawataondoka mlangoni.

Midoli mipya ya madukani mara nyingi rezista hiyo haipo, imeingizwa ndani ya chipu. Kwa hiyo mdoli wa zamani uliochakaa unaweza kuwa na faida kwako kuliko mpya ulio kwenye boksi. Fungua kabla ya kuupenda.

SK-1 nayo inafunguka vizuri: skrubu nyingi, bodi pana, chipu zenye miguu inayoonekana. Chukua waya wenye vibanio ncha zote mbili, acha noti ikilia, gusa mguu huu na ule, andika kwenye daftari kila kinachofaa. Usilehemu siku ya kwanza. Daftari langu la kinanda kimoja lina kurasa tatu, na nilichokilehemu mwishowe ni swichi saba.

Speak & Spell inataka mkono uliotulia. Njia ya kubadili kasi ni ya moja kwa moja, kwa kuwa saa ya chipu ya kusema inategemea rezista na kapasita (kipande kinachohifadhi umeme kidogo) zilizo nje yake, na wapindaji huanzia hapo. Nyuzi za kumbukumbu ndizo nyembamba. Tumia chuma cha kulehemu chenye ncha kali cha wati 25 au 30, usikikalishe mahali pamoja kwa zaidi ya sekunde mbili tatu, na uanzie kwenye miguu ya chipu badala ya kukwaruza shaba ya bodi.

Furby ndiye anayechosha, wala si kwa sababu ya umeme. Manyoya lazima yavuliwe bila kuchanika, masikio yaachwe mahali pake, na chini ya ngozi kuna nyaya nyembamba za vihisi: tumbo, mgongo, mwanga, kuinama. Nilimpa Furby wa kwanza jioni nzima kabla chuma hakijapata moto.

Kinavyokufa

Haya ni muhimu kuliko bei. Chipu za Speak & Spell hazitengenezwi tena. Ukiiua, umepunguza moja kati ya zilizobaki duniani. Ndani yake kuna ubao mdogo unaogeuza volti 6 za betri kuwa volti nyingine kwa ajili ya kioo cha herufi zinazong'aa kijani, na waya ukitoka huko ukagusa nyuzi za kumbukumbu, sauti haitarudi. Mimi nimefanya hivyo mara moja. Ilikuwa saa sita usiku, nimechoka, nikahesabu miguu ya chipu kutoka upande usio wake. Kioo kiliendelea kuwaka, herufi zikapangika vizuri, na hapakuwa na neno hata moja. Tangu siku hiyo naweka alama ya rangi ya kucha kwenye mguu wa kwanza wa kila chipu, na baada ya saa nne usiku sishiki chuma.

Jambo jingine: vitufe vyake vya kuwasha na kuzima ni vya kielektroniki, kwa hiyo ikiganda haikusikii. Kabla ya kupinda chochote, weka swichi halisi kwenye njia ya betri. Na kama unanunua kwa mbali, omba picha ya ndani ya kasha la betri. Niliwahi kuuziwa moja kwamba ni nzima. Ilipofika, betri zilishavuja zamani na kutu ya kijani ilikuwa imekula mpaka kwenye bodi.

Furby hufa kwa magurudumu. Akikaa miaka mingi bila kuchezwa, hukwama, na chipu nzima haisaidii kitu mota isipozunguka. Mara nyingi anaamshwa kwa kuusukuma mfumo huo taratibu kwa kidole. SK-1 ndiyo mvumilivu kuliko vyote: unaigusisha vibaya, inapiga kelele, inaganda, unaizima na kuiwasha, inasahau yote. Inasahau kweli, kwa sababu sauti uliyorekodi nayo hupotea ukizima. Kuhusu mdoli wa mtumba, shaba ya bodi yake hubanduka kwa joto kidogo tu, na haina matengenezo. Ila utakuwa umepoteza pesa ya nauli, tena umejifunza.

Pesa na upatikanaji

Huku kwetu, Speak & Spell utaipata kwa kuagiza Uingereza au Marekani, au kwa ndugu aliyeko huko anayeweza kuipitisha kwenye begi. Tafuta yenye vitufe vibovu au kasha lililopasuka. Wakusanyaji hawaitaki, na wewe unachohitaji ni chipu. Furby waliuzwa kwa mamilioni mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hiyo hawajaadimika Ulaya wala Marekani, na mara mojamoja huonekana kwenye marobota ya vitu vya watoto. SK-1 inapanda bei kwa sababu hata wasiopinda wanaitaka. Hata hivyo Casio ilikuwa na vinanda vingine vidogo, na mafundi redio wa zamani huwa na kimoja kimelala juu ya kabati. Ulizia.

Mdoli wa mtumba uko kila gulio. Wale wa bendi ya Konono Nº1 ya Kinshasa walizipa likembe zao, ala za vyuma zinazopigwa kwa vidole gumba, sauti kubwa kwa maikrofoni walizoziunda kutokana na sumaku za vipuri vya magari, na sauti ile ikafika kumbi za Ulaya. Vifaa vilivyo karibu na mkono wako vina thamani yao.

Jukwaani na kwenye rekodi

SK-1 ina tundu la kutolea sauti tangu kiwandani. Vingine utavichomea jeki mwenyewe, na kwa kuwa njia ya spika ina nguvu kuliko inavyotaka mixa, pitisha kwanza kwenye rezista na kapasita. Speak & Spell iliyopindwa haitabiriki: kitufe kilekile, swichi ileile, leo inaimba na kesho inakohoa. Kwa rekodi hiyo ni neema. Kwa onyesho la dakika 10 unahitaji kuizoea mpaka ujue ni swichi ipi inakurudisha nyumbani. Mdoli wa mtumba unatabirika, na Furby ana kitu ambacho vingine havina, yaani uso. Mwaka 2018 Mwingereza Sam Battle, anayejulikana kama Look Mum No Computer, alipanga Furby 44 kwenye kinanda kimoja cha mtindo wa ogani. Midomo ile ikifunguka pamoja, aliye nyuma kabisa ya ukumbi anaelewa kinachoendelea bila kuelezwa.

Kipi kwa nani

Kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, nunua midoli mitatu ya mtumba kwa mpigo, si mmoja. Wa kwanza utauua, wa pili utasema, wa tatu utautia volumu na jeki na kuupeleka kwa rafiki mwenye studio.

Kama tayari unapiga kinanda au unatengeneza midundo, na unataka chombo kitakachokaa ndani ya wimbo bila kukuvuruga, SK-1 itakulipa. Vivyo hivyo kama kazi yako ni ya maneno, ya ushairi au sauti za mtaa, na unataka Kiswahili kiwemo.

Kama unatengeneza onyesho au sanaa ya kuwekwa ukumbini, au una watoto wa darasa wa kuwaonyesha kwamba mashine ina matumbo, mchukue Furby na uwe na subira na manyoya yake. Usimtafute kwa ajili ya utajiri wa sauti.

Kama unachotafuta ni sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, umeshapinda vitu kadhaa, na unajua kuhesabu miguu ya chipu ukiwa umechoka, basi Speak & Spell ni yako. Ifuate ile yenye kasoro.

Na kama uliyopewa ni nzima, vitufe vyote vinafanya kazi, kioo kinawaka, usiifungue. Isogeze mbele ya maikrofoni ya SK-1 iliyopindwa, iambie itamke neno moja. Sekunde 1.4 zinatosha neno zima, na kuanzia hapo waya wako uko kwenye bodi inayoweza kuvumilia.